Kuuliza Habari za Nyumbani kwa Kihispania

Nilipovuka miaka hamsini, wenzangu niliosoma nao chuo walinunua ng'ombe wa maziwa. Mimi nikaanza kujifunza Kihispania kwa simu. Kila nikienda Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, kumwona mama, nilizunguka kati ya kabichi zake nikirudia: Soy profesor, mimi ni mwalimu. Estoy en casa, niko nyumbani. Nilijivuna sana kugundua kwamba Wahispania nao hutenganisha mtu alivyo na mahali alipo. Hilo lilikuwa somo la tano. La sita lilinishinda.

Alasiri moja ya ukungu, wanawake wawili waliotoka kuokota kuni walituletea mama wa Kizungu mwenye mvi, nguo tope tupu, viganja vimechubuka. Alikuwa akilia na kuonyesha msituni. Katika kilio chake nikasikia "por favor", tafadhali, nikajua ni Kihispania.

"Haya, msomi," alisema jirani yetu, mpasua mbao. "Kila siku unaongea na kabichi. Leo ongea na mtu."

Nikamuuliza swali la somo la kwanza: ¿Cómo se llama? Jina lako nani? Akanitazama kana kwamba nina wazimu, akamwaga maneno ambayo sikuambulia hata moja. Nikamuuliza tena jina.

"We mwanangu!" mama alifoka. "Mtu analia, unamuuliza jina kama karani? Msalimie. Muulize habari za nyumbani kwake."

Nilitaka kusema huu si wakati wa salamu. Lakini kwetu Washambaa salamu hairukwi. Ikitoka kwako huenda kwa mume, watoto, hata mbuzi. Nikatii, kwa woga tu. ¿Cómo está usted? Hujambo? ¿Cómo está su esposo? Mumeo hajambo?

Kilio kikakatika. Akanikamata mkono kwa kucha zote. "Mi esposo está abajo," akasema polepole, kama kwa mtoto. Mume wangu yuko chini. Akajipiga mguuni, akaonyesha korongo.

Kumbe muda wote tulikuwa tunamchemshia chai aliyepona, aliyeumia akiwa bado korongoni.

Tuliteremka wanaume watano, na panga na kamba. Ukungu ulificha hata miguu yetu. "Mwite," wakaniambia. Nikapaza sauti: ¿Dónde está? Uko wapi? Nikaita tena. Niliogopa asiitike, na, Mungu anisamehe, niliogopa pia aitike, maana ningemjibu nini?

Mara ya nne, sauti nyembamba ikatoka chini ya mawe: "Aquí." Hapa.

Mguu ulikuwa umevunjika, midomo imepauka kwa baridi. Tukamfunga kwenye machela ya miti, tukaanza kupanda.

"Usinyamaze," mpasua mbao alinionya. "Akisinzia tumempoteza."

Nikamwambia, kama simu ilivyonifundisha, kwamba tufaa ni jekundu. Nikamwambia dada yangu ana paka wawili. Sentensi zikaniishia kabla hatujafika nusu, nikaanza kuhesabu. Nilipofika veinte, ishirini, nikakwama. Alikuwa amefumba macho.

"Veinte," nikarudia. "Veinte."

Tukapanda hatua nne, tano.

"Veintiuno," akasema. Ishirini na moja.