Mwaka wa Irlande Uliotufikia kwa Meli

Enzi zetu pale Nyawera, karibu na ziwa, habari zilichelewa na hakuna aliyelalamika. Padiri wetu wa parokia alikuwa mzee wa Irlande, yaani Ayalandi, na dada yake alimtumia magazeti ya kila juma, kumi na mawili kwa mfuko mmoja, yakapitia Goma na kufika kwa meli miezi mitatu baadaye. Hakuyasoma kwa pupa. Kila Jumapili baada ya misa alifungua moja tu, akatutafsiria barazani tukila mihogo ya kuchoma: uchaguzi wao, mabishano ya bunge juu ya kodi ya maji, mashindano ya ngoma na filimbi. Na zaidi ya yote, ule mchezo wao wa kupiga kimpira kwa fimbo. Tulichonga fimbo zetu za mikaratusi na kushabikia jimbo la kwao Padiri kama vile tumezaliwa huko.

“Padiri, si ufungue la mwisho tujue nani alishinda?” niliuliza.

“Habari zinakuja kwa zamu, kama watu kwenye bomba.”

Jibu hilo halikunitosha. Maman alizoea kusema, “Huyu mutoto na maulizo yake, Mungu mwenyewe ataomba konji apumuzike.” Jumamosi moja, zamu yetu wasichana ya kufagia kwa Padiri, nikalichomoa gazeti la chini kabisa. Sikujua Kiingereza, lakini picha ilitosha: mchezaji mwenye jezi ya jimbo letu ameketi kwenye majani, uso katikati ya magoti, na nyuma yake wengine wanainua kombe.

Kesho yake Padiri akasoma kwamba tumeingia fainali. Baraza zima likalipuka. Rafiki yangu Zawadi akanisukuma: “Weye, juu ya nini haushangilie? Uko mugonjwa?”

“Tumbo,” nikasema.

Kwa majuma matatu nilibeba siri ile peke yangu. Zawadi alimwomba mama yake kitambaa, akashona bendera. Ningemwambia, ningemvunja moyo, na Padiri asingeniamini tena. Siku Padiri alipotusomea fainali waliruka, wakasali, wakapiga kelele kwa kila bao, hadi sauti ya Padiri ilipopasuka. Zawadi alilia akiwa amejifunika bendera, Padiri naye akapangusa miwani. Mimi nilitazama kwa macho makavu.

Sasa vijana wanapata matokeo kwenye simu kabla refa hajashusha filimbi, na baada ya dakika tano wanabishana juu ya jambo lingine. Sidai enzi zetu zilikuwa bora. Tulikuwa na njaa, na usiku tulisikia risasi. Chuo kikuu kimenifundisha kushuku kila kumbukumbu tamu, hata yangu. Lakini Zawadi, ambaye sasa ni mwalimu kule Kalehe, husimulia Jumapili ile mpaka sauti inamkatika, bao kwa bao, kana kwamba alikuwa uwanjani.

Mimi humsikiliza kama mtu ambaye hakuwepo.