Kiti cha Walentyna na Sakafu ya Mfalme

Jambo la kwanza ambalo mtu hutambua kwa Leokadia Wrzosek ni kwamba hanyanyui miguu. Huiburuza taratibu, hata barabarani, hata sokoni akiwa na kabichi kwapani, utadhani anaogopa kukwaruza lami. Si ugonjwa, ni kazi. Amemaliza nusu ya umri wake akilinda vyumba vya kasri la zamani la wafalme, nje kidogo ya Warsaw, ambamo hakuna akanyagaye sakafu kabla ya kuvaa sapatu kubwa za sufu nzito juu ya viatu vyake. Mawaziri wamezivaa. Askofu mmoja alizivaa huku akinung'unika.

"Baba Askofu," Leokadia alimwambia, "mbinguni utaingia upendavyo. Hapa vaa sapatu."

Kituo chake ni ukumbi wa dansi. Kuta zake ni vioo na nakshi za dhahabu. Juu, dari nzima imechorwa majira manne ya mwaka, na katikati mfalme anaendesha gari la farasi kuelekea juani. Chini, vipande vya mbao za rangi mbalimbali vimeunganishwa vikawa nyota, na hizo nyota ndizo zinazolindwa kwa sapatu.

Mtu mmoja wa karibu naye alikuwa hajaiona dari hiyo: Walentyna, dada yake mkubwa, fundi cherehani mstaafu, ambaye miguu yake ilipooza utotoni na huenda kwa kiti cha magurudumu. Ukumbi uko ghorofani, na ngazi za marumaru hazina huruma. Kila Jumapili, mbele ya supu ya kuku na tambi, Walentyna huuliza:

"Mfalme wako hajambo?"

"Hajambo, dada. Anakusalimu."

"Mwambie ateremke basi, maana mimi sipandi."

Walikuwa wakicheka. Kisha macho ya Walentyna yakaanza kuingia giza pembeni, na daktari hakumficha kwamba giza hilo litasogea hadi katikati. Tangu hapo, kila alipouliza habari za mfalme, mdogo wake hakujua pa kutazama.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, kasri likawekewa lifti. Leokadia alikwenda mbio kwa Bwana Dropik, mhifadhi mkuu, kumweleza habari ya dada yake. Bwana Dropik alimsikiliza mpaka mwisho.

"Atafika mlangoni, Bi Leokadia. Zaidi ya hapo haiwezekani. Magurudumu hubeba mchanga, na mchanga ni msasa. Nani alinifundisha hayo kama si wewe?"

Kutoka mlangoni huonekana kwato za farasi mmoja tu, na goti la malaika. Leokadia alilijua hilo, lakini hakubisha. Aliyemvalisha askofu sapatu atamwombeaje ndugu yake aachiwe?

Nyumbani alisema yote bila kupamba. Walentyna aliweka kijiko chini.

"Sheria yenyewe inasemaje?"

"Kila kinachogusa sakafu kivae sufu."

"Basi kiti kitavaa. Niletee sapatu mbovu, mdogo wangu. Na usinitazame hivyo, nimewavisha wanawake wenye viuno vigumu kuliko gurudumu."

Leokadia hakuwa na subira ya kungoja cherehani. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alizifunga sapatu kuukuu kwa kamba chini ya magurudumu ya kiti kimoja cha kasri, akaketi mwenyewe, akamwomba Danuta msafishaji amsukume ushorobani. Magurudumu hayakuzunguka hata kidogo. Kiti kiliteleza. Danuta, naye akiwa na sapatu miguuni, akateleza nyuma yake.

"Shika, Danuta!"

"Nishike nini, nami naenda?"

Waliishia kwenye magoti ya Bwana Dropik, aliyekuwa benchini akila mkate wake kwa tango la chumvi.

"Haya ni mashindano ya barafuni?"

"Tunatii sheria, bwana," Leokadia alijibu, kofia yake ikiwa imemwangukia machoni.

Bwana Dropik hakutazama magoti yake. Aliinama akatazama sakafu, akaipapasa kwa kiganja. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

"Isiwe sapatu," alisema hatimaye, bado amechuchumaa. "Iwe soksi. Ibane tairi pande zote, gurudumu lizunguke. Ikifaa, mlete Jumatatu, siku tusiyopokea wageni. Nitafungua madirisha yote, mwanga umtoshe."

Walentyna alipima matairi yake kama anavyopimwa bibi harusi. Alishona, akafumua, akashona tena, uso wake karibu na sindano kuliko zamani.

Jumatatu alivaa blauzi ya buluu na kupaka rangi ya mdomo. Bwana Dropik aliyakagua magurudumu kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa, akatikisa kichwa kukubali. Lifti ikawapandisha. Mbele ya milango mirefu ya ukumbi aliwaacha wasubiri, akaingia kufungua madirisha. Walisikia la kwanza likifunguka, kisha la pili.

"Hapo kushoto, dada, utaona kwanza..."

"Nyamaza, Leokadia. Wewe umenisimulia vya kutosha. Leo niache nione mwenyewe."

Leokadia akaishika mishikio ya kiti kwa mikono miwili. Ndani, dirisha la mwisho lilikuwa gumu. Walimsikia Bwana Dropik akilivuta, akipumzika, akilivuta tena.