Kilio Kilichotoka Kashikishi

Ukurasa wa mashabiki wa Nyayo Majini, tamthilia ya upelelezi iliyorushwa kutoka Lubumbashi kila Ijumaa kwa miaka kumi na mbili, umechapisha siri ishirini za nyuma ya kamera. Tunaarifiwa kwamba damu ni mawese yaliyochanganywa na nyanya ya kopo. Kwamba mashua ya polisi haina injini bali huvutwa kwa kamba na wanaume wanne wasioonekana. Kwamba mwigizaji wa Inspekta Ilunga, anayepiga mbizi karibu kila kipindi, hajui kuogelea. Hayo nayakubali. Siri ya saba siikubali. Inadai kwamba kile kilio cha mwanamke kilichosikika kila maiti ilipofikishwa ufukoni kilirekodiwa studio, na mwigizaji aliyekifanyia mazoezi siku tatu.

Ni uongo, tena uongo wa dharau. Kilio kile ni cha Febby Kalumba wa Kashikishi, bandari ya samaki nchini Zambia, na hakukifanyia mazoezi.

Febby amekuwa akianika chisense, wale dagaa wadogo wa Ziwa Mweru, tangu alipokuwa na miaka kumi na sita. Nyumbani huzungumza Kibemba. Sokoni huzungumza Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, kwa kuwa wateja wake wakubwa ni Wakongomani. Mmoja wao, Emilienne, ndiye aliyewaleta watu wa filamu kwake, mwaka ule wa kwanza. Walikuwa wamekuja na mwigizaji wao, wakamrekodi asubuhi nzima bandarini bila mafanikio.

"Ule analia sawa mutu wa kuumwa jino," Emilienne aliwacheka. "Kama munatafuta kilio, mumuone Febby. Huyu alifiwa kweli."

Alifiwa kweli. Miezi minane kabla ya hapo, dada yake mkubwa, Luse, alizama akivuka kutoka kisiwa cha Chisenga, na alipatikana siku ya tatu.

Fundi wa sauti, Camille, akamsogezea kinasa sauti chake. "Mama, lia tu kidogo. Dakika moja."

"Nilie nani?"

"Hapana mutu. Iko filme."

"Papa, kama hakuna mutu, kilio itatoka wapi?"

Camille alidhani huo ni ushamba. Haukuwa ushamba. Kwa wanawake waliomlea Febby, mtu halii bila kumtaja marehemu. Kilio kisicho na jina ni kama jeneza tupu lililoachwa mlangoni, linamngoja wa kulijaza. Febby akafikiri upesi. Luse amekwisha kufa, akajiambia, na jina lake haliwezi kudhurika tena. Akajifunga kitenge kiunoni, akaweka mikono kichwani, akalia kwa Kibemba, akimwita mama na dada: "Mayo, Luse we! Luse we!" Dakika moja tu. Wakamshukuru kwa chupa ya soda, naye akarudi kwa chisense wake, akiamini kwamba kilio kikishatoka kifuani kimekwisha. Hapo ndipo alipokosea, na sijui ni nani kati yetu asingekosea.

Maana hakikwisha. Kila mlanguzi aliyepigwa risasi, kila mume aliyetiwa sumu, kila jambazi aliyeokotwa na nyavu za wavuvi, ameliliwa kwa jina la Luse. Hakuna aliyemuuliza Febby. Pale bandarini, kapu la samaki likimponyoka mtu, wapagazi huiga: "Luse weee!" na soko zima huangua kicheko.

Mama yao huitwa Bana Luse, kwa desturi yetu ya kumwita mama kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Alivumilia miaka mingi. Alijaribu kulala mapema siku za Ijumaa, lakini jirani wa kushoto ana televisheni, na wa kulia anayo pia. Mwaka juzi alifunga mizigo yake.

"Nilimzika mtoto wangu, tukamaliza matanga," alimwambia Febby. "Wewe unamfukua kila wiki. Siku jina lake litakapoachwa lipumzike, ndipo nitakula kutoka chungu chako."

Akapanda gari la kwenda Chienge, kwa mpwa wake. Febby alimpelekea samaki mara tatu, na mara tatu kapu lilirudi bila kuguswa.

Mwaka huu watu wa filamu walirudi Kashikishi kupiga kipindi cha mwisho kabisa. Febby aliwaacha chisense juani bila kuwageuza, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda kumtafuta Camille, ambaye sasa ana mvi.

"Oh, Mama Febby! Sauti yako inajulikana mpaka Kolwezi!"

"Sauti ni yangu. Jina ni ya dada yangu. Papa Camille, utoe ile kilio."

"Kutoa? Mama, ile ni kama kengele ya kanisa ya filme yetu!"

"Mama yangu alihama nyumba ju ya kengele yako."

Camille aliacha kucheka, hilo namkubalia. Alieleza kwamba vipindi vilivyouzwa kwa vituo vingine hawezi kuvigusa, lakini kipindi cha mwisho na marudio yote ya kituo chao anaweza kuvibadilisha, mradi apate kilio kingine.

"Nitakupa," Febby alisema. "Mufu ni nani?"

Camille alikwama. Jina la atakayekufa lilikuwa siri waliyoapishwa wote. Hata mpishi wao hakuambiwa.

"Siwezi kusema, Mama. Wee lia tu 'mayo, mayo'."

"Halafu ile kifo iende kutafuta mulango wa nani?"

Camille alitazama kushoto na kulia, akainama. "Ni Ilunga."

Febby akakaa mchangani. "Ilunga wetu?"

"Ndiyo."

"Na ule mutoto wake, atabaki na nani?"

"Mama, ni filme."

"Nimekuuliza mutoto."

Camille alianza kukunja nyaya zake. Nadhani hata mwandishi wa tamthilia hakulifikiria hilo.

Wasomi wenzangu wanaweza kutabasamu. Febby amemwona mtu yule kila Ijumaa kwa miaka kumi na mbili. Anajua kwamba hula akiwa amesimama, na kwamba alimzika mkewe mwaka wa tatu, akabaki na mtoto mmoja. Nina ndugu wa damu ninaowajua kwa uchache zaidi ya huo. Alisimama, akakaza kitenge, akamlilia Ilunga kwa jina lake, akimuuliza mtoto amemwachia nani. Waanika samaki wenzake waliposikia, waliziacha kazi zao wakaja kumsaidia kulia. Mwigizaji mwenyewe, mzima kabisa, akiwa na kitumbua mkononi, alijisikia akiombolezwa. Alikiweka kitumbua chini, akaenda kusimama peke yake kwenye mitumbwi. Kufikia adhuhuri bandari nzima ilijua nani atakufa, na mtayarishaji alifoka hadi sauti ikamkauka. Siri hiyo haimo katika zile ishirini.

Kipindi kilirushwa. Jina la Luse halikusikika. Jina la Febby nalo halikuandikwa mwishoni, ingawa la dereva na la mpishi yaliandikwa, na sitalinyamazia hilo.

Jumapili baada ya ibada, gari la Chienge lilisimama njiani, Bana Luse akashuka na beseni la unga wa mihogo kichwani. Kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu. Febby alitoka mbio kumpokea.

"Mama, hapa hakuna msiba."

"Nimekusikia Ijumaa kwa masikio yangu. Mtu mzima kama yule afe, mimi nikae tu Chienge?" Akalitua beseni. "Alikuwa mtu mwema. Hakumpiga mshukiwa hata mmoja. Washa moto, tupike."