Cheupe Mbele ya Mtutu

Hadi kufikia mwezi wa kumi mwaka 1997, Marhoon alikuwa na hofu moja tu iliyomkosesha raha, nayo ni hofu ya kupofuka. Mama yake alikufa kipofu huko Wete, Pemba. Siku zake za mwisho walimfungia kamba kutoka kitandani mpaka chooni, akawa anaifuata kwa mkono mmoja na mwingine kauweka mbele, kama mtu anayesukuma mlango usiokuwepo. Marhoon aliiona kamba ile akiwa na umri wa miaka kumi na sita, na hakuisahau.

Alifika Maskati mwaka 1971, akaingia jeshini, akawa fundi wa silaha. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuzifungua bunduki, kuzisafisha, kuzipima na kuzirudishia shabaha yake. Alipostaafu alibaki hukohuko Maskati, mtaa wa Wattaya, na mkewe, Bi Khole, na raifali moja ya Kiingereza ya tangu vita vya Hitla, kitako chake cha mti kimekuwa cheusi kwa mikono ya watu. Aliikatia leseni, akaitunza kuliko gari lake.

Kila Alhamisi asubuhi alikwenda kulenga shabaha katika bonde moja kavu, pembeni mwa njia ya kwenda mji wa Qurayyat. Walikuwa watatu: yeye, jirani yake Musallam aliyekuwa zamani dereva wa serikali, na Yaqdhan, mkaguzi wa skuli, ndugu yake Bi Khole wa kumfuatia. Walisimamisha ubao chini ya jabali, wakaupigilia karatasi nyeupe, wakarudi nyuma hatua mia mbili na kutandika mkeka. Sharti lao lilikuwa moja: mtu akenda kubadilisha karatasi, hakuna anayegusa bunduki mpaka arudi.

Mwaka mzima Marhoon alikuwa akiwaficha wenzake. Kile kijiti cha chuma mwisho wa mtutu, ambacho mlengaji hukiweka katikati ya shabaha, kwake kilikuwa kimeota manyoya kama kipande cha kumbi la nazi. Karatasi nayo ilikuwa ikiyeyuka mbele yake kama sukari ndani ya chai. Alipiga kwa mazoea. Akikosa, alisema risasi zimezeeka. Nani angembishia fundi wa silaha?

Alhamisi moja ya mwezi ule wa kumi ilikuwa zamu ya Yaqdhan kwenda ubaoni. Marhoon alibaki amekaa mkekani, akifuta miwani kwa pindo la kanzu. Baada ya kitambo akasikia mlango wa gari ukifungwa nyuma yake. Kumbe alikuwa Musallam, kafuata chupa ya kahawa. Marhoon akadhani ni Yaqdhan amesharudi.

Hakugeuka kutazama. Alilala kifudifudi, akavuta komeo la bunduki, akasukuma risasi ndani, akaweka shavu juu ya kitako. Kule mbele aliona cheupe. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko kawaida, akasema moyoni ni mazigazi, jua limeanza kuchoma mawe. Akavuta mtambo wa kufyatulia mpaka pale pazito, pale ambapo bunduki za aina ile husita kabla ya kufyatuka. Alipapenda sana mahali hapo. Alizoea kupumzika hapo, pumzi imekatwa nusu, kidole kinasubiri.

Cheupe kikatikisika. Marhoon akakilaumu jicho lake, akasubiri kitulie.

Halafu cheupe kikainama.

Karatasi haiinami. Alilitambua hilo kwa mwili kabla ya akili: kidole kilikufa ganzi palepale kilipokuwa. Aliogopa kukibakisha na aliogopa kukiondoa. Akakirudisha mbele polepole, kama mtu anayeutoa mkono kwenye mdomo wa mbwa. Akalifungua komeo. Risasi ikaruka, ikaanguka juu ya mkeka bila kishindo, naye akaifunika kwa kiganja.

Musallam alikuja na vikombe vitatu. "Una nini?" aliuliza.

"Tumbo," alisema Marhoon. "Tumbo limenikamata."

Yaqdhan alirudi taratibu, misumari mkononi. Alikunywa kahawa yake kasimama, upande wa pili wa gari. Wakaondoka mapema siku hiyo.

Tangu hapo hofu ya kupofuka ikawa ndogo, imemezwa na nyingine. Ijumaa msikitini Yaqdhan aliswali safu ya mbele yake, na Marhoon akajikuta anautazama mgongo ule wa kanzu nyeupe, pale hasa ambapo risasi ingeingia. Alisahau rakaa ngapi ameswali. Nyumbani, Bi Khole akimtaja nduguye, yeye alisimama na kwenda uani. Atamwambia nini? Kwamba nusura amletee nduguye amefungwa shukani, kwa kuwa mumewe aliona haya kusema haoni? Alhamisi zikapita. Musallam akija kumpitia, tumbo lilikuwa bado halijapona.

Bunduki aliiogopa hata ikiwa kabatini. Siku moja alilichomoa lile komeo, maana bunduki isiyo na komeo ni fimbo tu, akalifunga kitambaani na kulizika ndani ya pipa la mchele.

Bi Khole alilikuta wiki ya kumi na moja, akipakua mchele wa biriani. Alikuja nalo barazani, punje zimeganda kwenye mafuta.

"Nini hichi, Marhoon?"

"Kipande cha bunduki."

"Nnajua cha bunduki. Nnakuuliza kinafanya nini kwenye mchele wangu."

Marhoon hakupata uongo wa karibu. "Sioni, Khole," alisema. "Nna mwaka na zaidi sioni sawasawa."

Bi Khole alikaa. Alikwishaona gari lilivyochubuka ubavuni, na namna mumewe alivyokuwa akiipapasa meza kabla ya kuweka kikombe. Alikuwa akingojea aambiwe. "Ukaona bora kukificha chuma kuliko kuniambia mie?" alisema. Kisha akainuka kwenda kwenye simu. "Yaqdhan atakupeleka hospitali. Wewe huendeshi tena."

"Si Yaqdhan. Ntakwenda na teksi."

"Kwa nini si Yaqdhan?"

Marhoon akalichukua komeo, akaanza kulibandua punje kwa kucha.

Jumamosi Yaqdhan alikuja kumchukua. Hospitali wakamtia Marhoon matone ya kuzipanua mboni, daktari akachungulia kwa taa yake, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limeshakomaa. Linaondoleka, alisema, hofu ondoa. Marhoon aliitika, lakini hofu aliyokuwa nayo yeye, daktari yule hakuwa na dawa yake.

Walipotoka nje, jua lilimvamia kwa yale matone. Dunia yote ikawa maziwa. Yaqdhan akamshika mkono mpaka garini, akaliwasha gari, lakini hakulitoa. Marhoon alikuwa hauoni uso wake kabisa, na labda ndiyo maana aliweza.

"Shemegi," alisema. "Siku ile bondeni, ulipokwenda kubadilisha karatasi. Nilikulenga. Nilidhani wewe ndiyo karatasi. Kidole changu kilikuwa kimeshavuta."

"Nilikuona," alisema Yaqdhan.

Marhoon akageuza kichwa kule sauti ilikotoka.

"Niligeuka nikaona mtutu umenielekea. Ulikuwa umelala pale mkekani, hutikisiki. Nikataka kukimbia, miguu ikakataa. Nikasema nikipiga ukelele utashtuka, utafyatua. Nikainama. Sikuwa na jengine la kufanya. Wiki kumi na moja nnasubiri uniambie. Siku ya kwanza nilisema atakuja jioni. Hukuja. Nikasema atakuja Ijumaa. Ukawa unanikimbia. Basi nikaanza kufikiri, Marhoon. Nikafikiri labda ulinijua."

"Nilikujua vipi?"

"Kuwa ni mimi. Nikakumbuka maneno yako juu ya Balqis."

Hapo Marhoon akafahamu. Mwanawe wa kiume alikuwa amemposa Balqis, binti wa Yaqdhan, mwanzoni mwa mwaka ule. Yaqdhan alikataa, akasema msichana anataka kusoma. Marhoon kwa hasira alimwambia mbele za watu, "Iko siku utajuta." Alilisema kama watu wanavyosema, na wiki ya pili alikwishalisahau. Mwenzake hakulisahau. Alikuwa amekaa nalo, pamoja na sura ya mtutu, wiki kumi na moja.

"Ulidhani ntakuua?" alisema Marhoon.

"Sikutaka kudhani. Lakini nilikuwa nnakuogopa. Watoto nikawakataza kuja kwenu, nikasema wana mitihani. Khole aliponipigia simu nilikubali, lakini leo nilikaa muda kabla ya kutoka nyumbani. Nikajiuliza kama ni salama kukaa nawe gari moja."

Marhoon alinyoosha mkono katika ule weupe, akapapasa, akaligusa bega la mwenzake. Bega lilishtuka kwanza. Kisha likatulia, na Yaqdhan hakuliondoa.

"Haya nlikuwa nayo," alisema Marhoon. "Haya tu, wallahi. Niliona aibu kusema sioni."

"Ungelikuja jioni ile," alisema Yaqdhan, "tungelicheka." Akalitoa gari.

Walimtoa mtoto wa jicho la kulia mwezi wa pili, mwaka 1998, na la kushoto mwaka uliofuata. Marhoon aliona tena, akaona mpaka vumbi juu ya kabati, jambo lililomuudhi Bi Khole. Alipopona, alimwomba Musallam ampeleke bondeni bila ya bunduki. Alisimama pale panapotandikwa mkeka, na Musallam akenda kusimama kwenye ubao. Kwa jicho jipya Marhoon aliziona ndevu zake, saa yake mkononi, kifungo cha kanzu kilichokuwa wazi. Mtu mzima, kila kitu chake kipo. Akakaa chini juu ya mawe, na Musallam, aliyekuwa hajui lolote, akaja mbio akidhani ni jua. Siku hiyo akamsimulia yote.

Alirudi kulenga mwaka 2000. Macho mapya yaliona mbali tu, kijiti cha karibu bado kilikuwa na ukungu, kwa hiyo alibandika kwenye miwani kipande cha karatasi nyeusi chenye tundu dogo la sindano, na kupitia tundu lile vyote viwili vilikaa sawa. Alipiga vizuri, vizuri kuliko alipokuwa na miaka hamsini. Lakini kila alipotaka kutia risasi alitaja jina la kila aliyekuwepo, na hakugusa komeo mpaka asikie jibu kutoka nyuma, kisha akageuka akamtazama. Vijana wa Musallam walimcheka. Akawataja na wao kwa majina.

Yaqdhan hakurudi tena bondeni. Walikula pamoja kila Ijumaa, na Balqis alipomaliza chuo Marhoon ndiye aliyechinja mbuzi. Siku moja, mwaka 2004, alimuuliza kama bado anaogopa.

"Wewe sikuogopi," alisema Yaqdhan. "Pale mahali ndipo nnapopaogopa."

Marhoon akasema, "Hata mimi," na akamsogezea sahani ya tende.