Baraza la Kuku la Ruti wa Tunduma

Ruti aliuza vifaranga Tunduma, katika nyumba ndogo nyuma ya soko, na mgeni akitaka kumpata alielekezwa afuate milio tu. Alizaliwa Mbozi kwa wakulima wa kahawa, akaja mjini kuwauzia mayai ya kuchemsha madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mayai hayo ndiyo yaliyomnunulia mashine yake ya kwanza ya kutotolesha.

Kazi aliipenda. Kilichomchosha ni simu. Kifaranga akizubaa Ndalambo, simu. Kuku akikohoa Ileje, simu. Jibu alilompa mtu jana, leo analirudia kwa mwingine neno kwa neno. Alifungua grupu la WhatsApp, nako ikawa vurugu: mtu anauliza kuhusu kuku wanaokufa, swali lake linafunikwa na salamu za asubuhi na matangazo ya viatu vya mtumba.

Ndipo alipomwendea Boazi, fundi kompyuta, amtengenezee jukwaa la mtandaoni ambalo kila swali lina mahali pake na jibu halipotei. Akaliita Baraza la Kuku. Likafunguliwa, na hakuna aliyekuja. Kila akiingia alijikuta peke yake, ameuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

"Dada Ruti," Boazi alimwambia, "nikutengenezee majina. Watu kadhaa wa kubuni, wanaulizana na kujibizana. Wengine wakiona pamechangamka wataingia."

"Yaani nimwite mteja wangu aje kuongea na watu wasiokuwepo?" Ruti akatikisa kichwa. "Hapana, Boazi. Wewe nipunguzie mapicha hayo makubwa, yanawamalizia watu bando. Watu nitawatafuta."

Kuanzia hapo, kila aliyemkabidhi boksi la vifaranga alimtupia swali: "Kitu gani unachowafanyia kuku wako ambacho jirani yako hakijui?" Hakuna aliyekosa jibu. Basi anamwambia aandike pale pale dukani, kwa simu yake, kwa jina lake na la kijiji chake. Mama mmoja wa Mbebe, Alinanuswe, alieleza jinsi anavyowapasha joto vifaranga kwenye baridi ya milimani kwa chungu cha makaa kilichozungushiwa matofali. Ruti akawapigia wateja wake wengine: "Hebu ingieni mumsome mama wa Mbebe." Wakaingia, ingawa wengi walisoma na kunyamaza.

Kisha akaja Osea wa Ivuna. Hakusalimu. Aliandika: "Vifaranga wa Ruti ni wabovu. Wangu wanakufa. Msinunue."

Boazi alipiga simu mbio. "Dada, nafuta sasa hivi, kabla watu hawajaona."

Uso wa Ruti ulikuwa unawaka moto. Jina lake lilikuwa pale, wazi, kila mtu analisoma. Lakini alisema, "Usiguse. Tukilifuta hili, siku mtu akinisifu nani atamwamini?"

Akaandika mwenyewe: "Kaka Osea, pole sana. Kama kosa ni langu, nitakupa vifaranga wengine na nitaomba radhi hapa hapa. Niambie, wana dalili gani?"

Osea alijibu kwamba wanakunywa maji bila kukoma, wanaharisha, kisha wanalegea. Ruti alifikiri, akashindwa, na akaandika hivyo hivyo: "Kwa kweli sijajua bado. Mwenye kujua atusaidie."

Aliyejitokeza ni Alinanuswe. "Baba, mimi niliwahi kuolewa huko kwenu Ivuna. Hayo maji unayowapa, umeyaonja?"

Yalikuwa ya kisima kipya, Osea akasema, hajayaonja. Akaenda kuyaonja, kisha akarudi: "Jamani! Yana chumvi kabisa!"

Alinanuswe akamwambia visima vingi vya Ivuna viko hivyo, na chumvi huua vifaranga; atafute maji ya mvua. Osea akayapata kwa jirani mwenye tangi, na vifaranga waliobaki wakaanza kusimama na kudonoa. Chini ya maneno yake ya kwanza, Osea akaongeza: "Nilimsema vibaya Dada Ruti mbele za watu, nami nasema mbele za watu, vifaranga wake ni wazima. Na hakunifuta."

Sentensi hiyo ya mwisho ilisafiri. Watu waliinakili wakatumiana, na wageni wakaanza kujiandikisha, wa Ndalambo, wa Vwawa, hata wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, Kiswahili chao kimechanganyika na Kibemba. Safari hii hawakunyamaza. Waliuliza, wakabishana.

Jumapili moja Ruti alikwenda Mbozi kusali na mama yake, Roda, akazima simu. Alipoiwasha nje ya kanisa alikuta mtu mpya wa Ileje ameuliza kuhusu kuku wanaodonoana, na wenzake wameshamjibu: awapunguzie mwanga, awaongezee nafasi, awaning'inizie majani mabichi. Ruti alisoma mstari kwa mstari akitafuta cha kusahihisha. Hakukipata. Akasimama pale uani akicheka peke yake.

"Kuna nini, mwanangu?" Roda akauliza.

"Wanasaidiana, mama. Bila mimi."

Roda aliichukua simu. Bila miwani hakuona hata herufi moja, lakini aliinyanyua juu kwa mikono miwili, akawageukia akina mama wenzake.

"Njooni huku," akawaita. "Njooni muone kazi ya mwanangu."