Marehemu Alikosa Nafasi kwenye Tovuti

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya kompyuta mjini Homa Bay, nikingoja kutuma faksi. Mbele yangu waliketi mjane na shemeji zake wawili. Walikuwa wametengenezewa ukurasa wa matanga kwenye intaneti, ili mwanawe aliye ng'ambo, asiyeweza kuja mazishini, aione sura ya baba yake.

Kwenye skrini njiwa walipiga mabawa na mishumaa iliwaka. Picha za ukoo mzima zilikuwa humo, hadi ya mmoja wa shemeji hao wawili, ameegemea gari. Mahali pa marehemu palikuwa na kisanduku kitupu.

"Nafasi imejaa," alisema karani. "Mlichukua ile ya bei ya chini kabisa. Picha ya mzee iliwekwa mwisho, ikakataa kuingia."

"Toa hao njiwa," mjane akasema.

"Hao wanakuja na programu, mama. Inajipangia yenyewe, siwezi kuwatoa."

"Basi toa watu."

Shemeji wa gari akakohoa. "Tangazo la msiba bila sisi? Watu watasema tulikosana na marehemu."

Karani akangoja, mkono juu ya kipanya. Hakuna aliyejitolea.

Programu hizo za kujijengea ukurasa ni walafi, na nafasi ya bei rahisi ni sahani ndogo. Lakini mashine haikumjua mzee. Hawa walikula kwake.

Mjane akagusa kile kisanduku kwa kidole. "Mwandikieni mtoto," akasema, "kwamba baba yake alifika, ila alikosa kiti."