Hatua Juu ya Paa

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilipomsikia mtu akitembea juu ya paa la nyumba yetu, na kilima kizima hakikuwa na mtu. Ngoja nikueleze taratibu. Umelala chali wiki ya tatu sasa, mgongo umekugomea kwa kurushwarushwa na magari ya watalii, kwa hiyo huna pa kukimbilia. Leo utanisikiliza.

Nilikuwa mke kijana, sijatimiza miaka ishirini na tatu, huku huku Karatu, upande unaopakana na msitu wa Ngorongoro. Nyumba yetu ilikuwa tembe ya Kiiraqw ya zamani, iliyochimbwa ndani ya mteremko. Kwa mbele unaona ukuta na mlango. Kwa nyuma paa la udongo limelingana na ardhi, unalipanda bila ngazi. Huko juu tulianika mahindi. Ndani kulikuwa na giza hata saa sita mchana.

Siku moja nilianguka na mzigo wa kuni. Nikahisi kitu kimekatika kiunoni. Wakanilaza juu ya ngozi ya ng'ombe, kwenye kitanda kile kile alichougulia mama mkwe wangu kiuno miaka miwili, akafia hapo hapo. Mimi mwenyewe niliomba nifungwe tumbo kwa mkanda wa ngozi, kama alivyofungwa yeye, nikaapa sitajigeuza mpaka mfupa uunge. Hilo ndilo kosa langu, na sikulazimishwa na mtu. Nilidhani mgonjwa mwenye adabu ni yule asiyetikisika.

Dada yako Paskalina alikuwa wa miezi minane. Wifi yangu Theresia akamchukua amlee. Mwezi huo huo watu wote wakahamishwa na serikali kwenda kijiji kipya, kando ya barabara, na kilima kikabaki mahame. Balozi wetu wa nyumba kumi alinionea huruma, akasema nibaki mpaka nipate nafuu. Baba yako Tluway alikuja asubuhi na jioni kuniletea uji. Saa zote za katikati nilikuwa peke yangu, na ukungu wa msituni ukiingia mpaka mlangoni.

Ndipo zikaanza hizo hatua. Hatua moja nzito, kisha mguu unaburutwa, kisha hatua tena, kutoka ukingo huu wa paa hadi ule, vumbi likinidondokea usoni. Nilidhani ni ng'ombe, lakini ng'ombe gani anaburuta mguu mmoja? Nikadhani ni nyati. Nyati angelitoboa paa. Kesho yake zikaja, na kesho kutwa zikaja. Nikakumbuka kwamba mama mkwe naye alikuwa akiburuta mguu wa kushoto kabla hajalala moja kwa moja. Niliamini amekuja kunichukua. Niliogopa, mwanangu, mpaka nikashindwa kulia.

Siku ya nne nikachukua fimbo ya Tluway aliyokuwa ameisahau pembeni, nikagonga boriti mara tatu. Nikauliza, "Ni nani?" Hatua zikasimama juu ya uso wangu kabisa. Vumbi likaacha kudondoka kwa muda mrefu. Kisha zikaendelea, polepole, hadi ukingoni, na sikuzisikia tena.

Tluway alipokuja nikamsimulia. Akapanda kuangalia, akashuka anapangusa mikono. "Udongo ni mbichi kwa ukungu," akasema. "Hata mbuzi angepita ningeona kwato. Mke wangu, hakuna alama."

Mwezi wa tano wa kulala kwangu, Theresia akamleta Paskalina anione. Mtoto alinitazama gizani, akajificha shingoni kwa shangazi yake, akamwita aayo, yaani mama kwa Kiiraqw. Theresia aliona aibu, maskini. Mimi niliumia kuliko nilivyowahi kuumwa kiuno. Jioni nikamwambia Tluway, "Kanitafutie mtu wa hospitali, hata akija kuniambia nakufa."

Akamleta dada Ndeshi, Mchaga aliyekuwa akifanya kazi ya mazoezi ya viungo katika hospitali ya misheni. Mwanamke mfupi, hana mchezo. Alinipapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, akaninyanyua mguu mmoja mmoja, akanichokoa nyayo kwa kijiti akiuliza kama nasikia. Kisha akaufungua ule mkanda, akautupa nje.

"Mama Paskalina, hapa hakuna kilichovunjika. Misuli imekwisha kwa kulala. Nani alikwambia ulale hivi?"

"Mwenyewe."

"Basi na kuamka utaamka mwenyewe. Mimi nitakuonyesha tu."

Akanifundisha kujikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha kuvuta goti kifuani, kisha kuinua makalio na kuhesabu hadi tano. Nikapiga magoti na viganja chini nikiupandisha mgongo na kuushusha. Nililia na kumtukana kwa Kiiraqw, naye akacheka kana kwamba anaelewa. "Ikiuma kidogo, endelea pole pole," alisema. "Miguu ikifa ganzi, au haja ikikutoka bila kujua, acha, unitumie mtu mbio."

Baada ya wiki tatu akaniambia nianze kutembea. Mteremko ulikuwa mkali, na mahali pekee palipokuwa tambarare ni juu ya paa.

Tluway alinipandisha kwa nyuma, akaniachia, akashuka uani akasimama akinitazama, fimbo mkononi. Nikaanza. Hatua moja, mguu wa kushoto ukaburuta, hatua tena. Nikausikia mlio ule ule. Nilipofika katikati, juu ya kitanda changu, pakagongwa chini ya nyayo zangu, mara tatu. Ndani hamkuwa na mtu.

Sikusikia sauti, kwa kuwa udongo ulikuwa mnene, lakini nilijua aliyegonga anauliza nini. Nilisimama pale muda mrefu. Nilitaka kumpigia kelele huyo aliyelala chini na mkanda wake tumboni, nimwambie aamke. Lakini asingenisikia kupitia udongo ule. Nikamhurumia sana, nikaendelea kutembea hadi ukingoni. Dada Ndeshi alisema ni boriti kuukuu zinazolia zikikanyagwa. Huenda. Sijawahi kubishana naye.

Nilichukua mwaka kupona, na mpaka leo baridi ikizidi kiuno hunikumbusha. Ila siku nilipoweza kuinama na kufungua kanga nimbebe Paskalina mgongoni, alikataa. Alishajua kutembea, na aliyemfundisha ni Theresia. Sikumbeba tena mgongoni hata siku moja.

Kwa hiyo sikia. Maumivu ya kiuno na magoti hayaponi kwa kulazwa kama maiti. Upeleke mgongo wako kwa mjuzi aukague, kisha uufanyishe kazi kidogo kidogo kila siku, hata siku unayouchukia. Ukiinua mzigo kunja magoti, uukumbatie karibu na tumbo. Ukiendesha gari, shuka, nyooka, zunguka gari mara mbili; wageni watasubiri, twiga hawaendi popote.

Mungu akupe mgongo wa kumbebea mwanao huyo anayetambaa sasa hivi sebuleni, akupe na magoti ya kumkimbilia. Haya, geuka ubavu. Weka kiganja chini, usukume. Nimekushika.